Kukunja Bila Kupoteza: Ramani za Maarifa na Mifupa ya Tendaguru

Mvuvi wa Kilwa anapokagua wavu wake hautandazi wote kwa mara moja. Hukunjua sehemu, akatazama mafundo, akaikunja, kisha akaendelea na sehemu nyingine. Sehemu iliyokunjwa haikupotea. Ingali imefungamana na ile aliyoishika mkononi.

Hivyo ndivyo zifanyavyo programu za kompyuta zinazochora maarifa kwa mfano wa ramani. Katika ramani hiyo kila jambo huandikwa ndani ya kisanduku, na kila uhusiano huchorwa kwa mstari wenye maneno machache, kama vile "ilichimbwa na" au "ilipitia". Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walianza kutumia michoro ya namna hii mwaka 1972, walipokuwa wakichunguza jinsi watoto wanavyoelewa sayansi. Kabla ya hapo, mwezi Desemba 1968, Douglas Engelbart alikuwa amekwisha kuonyesha hadharani mjini San Francisco kompyuta iliyoweza kukunja orodha ndefu vikabaki vichwa vyake tu, na kuikunjua tena.

Kwa nini kukunja?

Visanduku 10 vikiunganishwa kila kimoja na kila kingine huhitaji mistari 45. Visanduku 40 huhitaji mistari 780. Mchoro wa namna hiyo haumfundishi mtu kitu, kwa kuwa jicho hushindwa kuufuata. Basi programu humruhusu mtumiaji kuficha sehemu asiyoihitaji kwa wakati huo. Hapo ndipo swali gumu huzuka: kisanduku kimoja kikifichwa, vilivyounganishwa nacho vifanyweje?

Mfano wa Tendaguru

Tendaguru ni kilima kilichoko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi. Mwaka 1906, wakati Vita vya Maji Maji vikiendelea kusini, mhandisi Mjerumani Bernhard Sattler aliarifu juu ya mifupa mikubwa iliyoonekana hapo. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin, ukiongozwa kwanza na Werner Janensch na Edwin Hennig, ulichimba mifupa ya dinosaria walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walichimba, na wapagazi wakaibeba mizigo kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mnyama mashuhuri kuliko wote, ambaye leo huitwa Giraffatitan, alisimamishwa Berlin mwaka 1937.

Chukua sasa visanduku sita: Giraffatitan, Msafara wa Berlin, Janensch, Boheti bin Amrani, Wapagazi, Bandari ya Lindi. Boheti alikuwa msimamizi mkuu wa wafanyakazi wa machimbo.

Mti na wavu

Ramani ikipangwa kama mti, kila kisanduku huwa na shina moja tu. Boheti na Wapagazi huning'inia chini ya Msafara wa Berlin. Msafara ukikunjwa, wote wawili hutoweka, akabaki mnyama peke yake, kana kwamba alijichimbua na kujibeba mwenyewe.

Ramani ikipangwa kama wavu, kisanduku kimoja huweza kushikwa na nyuzi nyingi. Boheti ameungana na msafara, na vilevile na Australodocus bohetii, dinosaria wa Tendaguru aliyepewa jina hilo mwaka 2007 kwa heshima yake. Wapagazi nao wameungana na Bandari ya Lindi. Kanuni iliyo bora ni hii: kisanduku kifichwe pale tu ambapo hakuna tena uzi unaokiunganisha na kisanduku kinachoonekana. Kwa kanuni hiyo msafara hukunjwa, na watu wa Lindi wakabaki mahali pao.

Kanuni ya pili ni kwamba kilichofichwa sharti kiache alama. Programu nzuri huweka duara dogo au tarakimu kando ya kisanduku, kuonyesha kuwa nyuma yake yamo mambo mengine, na idadi yake. Pasipo alama hiyo, anayetazama hudhani kwamba kisichoonekana hakipo. Kosa hili halikuanza na kompyuta. Kibao chini ya mifupa, kikitaja jina la mtaalamu na kuacha la mchimbaji, nacho ni ramani iliyokunjwa bila alama.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Wanafunzi waandike maneno haya kwenye kadi: Kilwa Kisiwani, dhahabu, Sofala, pepo za msimu, Husuni Kubwa, Ibn Battuta (1331). Waziunganishe kadi kwa nyuzi, na juu ya kila uzi waandike uhusiano uliopo. Kisha mwalimu aigeuze kadi ya "dhahabu" kifudifudi na kuuliza: Je, Sofala ibaki? Ni uzi gani mwingine unaoishika? Kadi iliyogeuzwa iandikwe mgongoni idadi ya nyuzi zake.

Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nyuma ya kisanduku hiki kuna nini?" atauliza vivyo hivyo mbele ya kitabu, ramani na sanamu ya makumbusho.