Bamvua Halipigi Hodi, Lakini Lina Ratiba

Mafuriko ya mvua humkurupusha mtu usingizini. Ya bahari yana tarehe. Bamvua hurudi kila baada ya majuma mawili hivi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na jedwali la maji kupwa na kujaa hutayarishwa mwaka mzima kabla. Dar es Salaam, tofauti kati ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua kubwa hukaribia mita 4. Wakati wa maji mafu hushuka hadi kama mita 1.

Basi kwa nini maji yatukute hatujajiandaa? Kwa sababu jedwali husema bahari itapanda kiasi gani. Halisemi itafika mlangoni kwa nani. Hiyo ni kazi ya ramani.

Hapo pana mtego. Jedwali la bahari huhesabu kuanzia karibu na kiwango cha chini kabisa cha maji kupwa. Ramani za nchi kavu huhesabu kuanzia usawa wa wastani wa bahari. Kwa Dar es Salaam vipimo hivi viwili hupishana kwa karibu mita 2. Mchoraji asiyevioanisha atazipaka rangi ya hatari nyumba zilizo salama, na rangi hiyo yaweza kufuatwa na tingatinga.

Tena vipimo pekee havitoshi. Mto Msimbazi huingia baharini penye daraja la Selander. Mwezi Machi na Aprili bamvua kubwa huweza kukutana na masika: bahari imejaa, mto nao umejaa, maji hayana pa kwenda. Mtaro upi huziba na uchochoro upi hutangulia kujaa, anayejua ni mkazi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, ulilitambua hilo. Wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi walipita mitaani wakichora mitaro na sehemu zinazofurika.

Kati ya 1901 na 2018 bahari duniani ilipanda kwa wastani wa sentimita 20, na bado inapanda. Kwa hiyo ramani ya bamvua ichorwe pamoja na wenye nyumba, kisha ibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na tarehe za bamvua pembeni yake. Ikifungiwa kabatini, mwenye nyumba ataiona siku ya kubomolewa tu.

Tukutane juma lijalo.