Ekseli za malori ya jeshi: Nguvu inayodai breki na usukani wa kuaminika

LORI la kijeshi la Marekani aina ya M35, lililoanza kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, liliundwa kubeba tani 2.5 mahali pasipo na barabara. Malori hayo yalipoondolewa jeshini na kuuzwa kwa raia, mafundi waliona kuwa ekseli zake zinaweza kuhamishiwa katika magari madogo ya mizigo ili yamudu miamba na matope mazito.

Miongoni mwa waliozipatia umaarufu ekseli za kijeshi ni Bob Chandler wa St. Louis, Missouri. Gari lake, Bigfoot, lililotokana na Ford F-250 ya mwaka 1974, lilivuma mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kupanda juu ya magari mengine na kuyaponda.

Siri ya ekseli hizo, zinazofahamika kwa jina la Rockwell, imo ndani ya difu. Uwiano wa gia zake ni 6.72, yaani shafti huzunguka mara 6.72 ili gurudumu lizunguke mara moja. Gari lililozoea tairi la inchi 31 likivishwa la inchi 48, injini hulemewa. Kwa uwiano huo, hata hivyo, gari huvuta kana kwamba lina tairi lake la awali na gia za uwiano wa takriban 4.3.

Aidha, shafti huingia kwenye difu kwa juu, hivyo huwa mbali na mawe. Kasoro yake ni kwamba difu huwa ndefu kwenda juu, na fundi hulazimika kuinua chesisi ili isigonge sehemu ya chini ya injini.

Suala la pili ni springi. Springi za bapa za lori la jeshi ni ngumu kwa kuwa zilikusudiwa kubeba shehena. Zikifungwa kwenye gari jepesi hazipindi ipasavyo, na gurudumu huning'inia hewani badala ya kushika ardhi. Ndiyo maana baadhi ya mafundi hupunguza mabapa, na wengine hutumia springi za mviringo pamoja na mikono minne ya chuma inayozuia ekseli kujipinda wakati wa kuvuta.

Uzito nao una madhara yake. Ekseli hizo zina mamia ya kilo, na uzito huo wote upo chini ya springi. Gari likipita kwenye shimo kwa kasi, shokomzoba hushindwa kuutuliza haraka, na dereva huona usukani ukitikisika.

Hatari kubwa zaidi imo katika breki. Wengi huondoa breki za ngoma za magurudumuni na kufunga za diski mahali shafti inapoingilia difu. Huko gia huzidisha nguvu ya kusimamisha gari, na diski ndogo hutosha. Lakini iwapo difu ni ya kawaida, isiyofungwa, na shafti ya gurudumu moja ikakatika, ekseli nzima hupoteza breki.

Usukani una mtego wa aina hiyo hiyo. Baadhi ya magari hugeuzwa kwa silinda ya mafuta pekee, bila fimbo inayouunganisha usukani na magurudumu. Bomba likipasuka, dereva hana njia nyingine ya kuliongoza gari. Mfumo huo unafaa mwendo wa taratibu porini, si barabara kuu.

Kwa hiyo, mwenye gari anapaswa kuamua mapema litatembea wapi. Majimbo mengi ya Marekani yameweka kikomo cha kimo cha gari au bampa, na gari lililoinuliwa kupita kiasi huishia kubebwa juu ya trela hadi porini. Litakalochangamana na watumiaji wengine wa barabara linahitaji breki kwenye kila gurudumu na usukani uliounganishwa kwa chuma, kabla ya kufikiriwa ukubwa wa tairi.