Msumeno wa Mnyororo na Mmiliki Wake Mpya
Mkaazi wa Nyakitonto, katika nyanda za juu za Kigoma ziotazo miti migumu kama mninga, anunuapo msumeno wa mnyororo kwa mara ya kwanza, yampasa kutenga sehemu ya fedha zake kwa kofia ngumu, miwani, vizibo vya masikio na viatu madhubuti, maana uhai hauna badali.

Injini ya msumeno huo, aghalabu ya mipigo miwili, haina hazina ya oili ya peke yake. Kwa hiyo petroli huchanganywa na oili makhsusi kwa kadiri aliyoiagiza mtengenezaji, mara nyingi mililita 20 kwa kila lita, na atiaye petroli tupu huiunguza pistoni. Tangi la pili ni la oili ya mnyororo, nalo lijazwe kila petroli ijazwapo.

Mnyororo ukitoa vumbi laini badala ya vipande, umekuwa butu: unolewe kwa tupa ya mviringo, injini ikiwa imezimwa. Wakati wa kukata, ncha ya juu isiguse gogo, kwani msumeno huruka ghafla kumwelekea aushikaye. Hatimaye, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 yataka kibali kabla ya kuvuna miti ya msitu wa hifadhi. Basi kibali kitangulie, msumeno ufuate.