Dalali husoma nguo zako kabla ya kutaja bei

Na Mwandishi Wetu

MAMA yangu mzazi alikuwa mkulima wa nyanya huko Ilula, mkoani Iringa. Kila aliposafiri na matenga yake kwenda Dar es Salaam alibeba mfuko mdogo ambao sisi watoto tulidhani una chakula cha njiani. Kumbe ndani mlikuwa na doti ya kanga safi, kipande cha sabuni na kandambili.

Lori lilikuwa likifika sokoni usiku wa manane, wakati mwingine alfajiri. Wenzake walishuka na vumbi la safari kichwani, wakakaa juu ya mizigo yao kungoja madalali. Yeye alitafuta bomba la maji kwanza. Alinawa uso na miguu, akabadili kanga, akajitanda vizuri, ndipo akarudi kwenye matenga yake.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza kulikuwa na haja gani ya kufanya vile, maana nyanya ni zilezile. Akanijibu kwamba dalali akikuona na vumbi la barabarani anajua umeshuka sasa hivi, huna ndugu mjini, huna pa kulala na mzigo wako hauwezi kungoja hadi kesho. "Akishajua hivyo," alisema, "hakutajii bei ya nyanya. Anakutajia bei ya shida yako."

Nimelikumbuka jibu hilo kwa sababu yanapozungumzwa mavazi ya kazini, mazungumzo huwa ni ya watu wa maofisini: tai, viatu vya kung'aa, urefu wa sketi. Watumishi wa umma nchini walitolewa waraka wao wa mavazi mwaka 2007. Mkulima na mfanyabiashara mdogo hawajapata waraka, na pengine ni heri, lakini nguo wanazovaa kazini huwaletea fedha au huwapotezea kila siku ya Mungu.

Kwamba watu huhukumu kwa nguo si dhana tu. Mwaka 1955 watafiti watatu wa Marekani walifanya jaribio katika mji wa Austin, Texas. Walimtuma mtu avuke barabara wakati taa zinakataza waenda kwa miguu kuvuka. Siku alipovaa suti na tai, watu wengi zaidi walimfuata kuvunja sheria kuliko alipovaa nguo za kibarua. Mtu ni yuleyule, na kosa ni lilelile.

Mwaka 1974 Leonard Bickman alichapisha matokeo ya jaribio jingine, lililofanyika Brooklyn, New York. Wasaidizi wake waliwaamuru wapita njia mambo madogo madogo, kama kuokota karatasi iliyoanguka. Aliyevaa sare ya mlinzi alitiiwa zaidi kuliko aliyevaa nguo za kawaida au sare ya muuza maziwa. Wafugaji wanaopeleka maziwa mjini wasivunjike moyo. Kazi yao ni kuaminiwa, na kuaminiwa ni jambo tofauti na kutiiwa.

Suti nayo inaweza kukutia hasara

Wapo wanaodhani kuvaa vizuri maana yake ni kuvaa ghali. Jaribu kwenda mnadani kununua mbuzi ukiwa na suti na saa inayong'aa. Bei utakayotajiwa haitafanana na ile aliyotajiwa mchuuzi aliyetangulia na shati lake la kaki na fimbo mkononi. Muuzaji ameshahesabu kwamba hujui bei ya mbuzi, na hata ukiijua huna haja ya kubishania elfu tano.

Kosa hilo nililifanya mwenyewe. Nilikwenda kijijini kununua mahindi ya chakula cha nyumbani nikitokea harusini, na koti langu mkononi. Kwa kila debe nilipandishiwa bei. Wiki mbili baadaye shemeji yangu alikwenda nyumba ileile akiwa na baiskeli na kofia ya kitambaa, akanunua kwa bei ya pale kijijini. Nililalamika, lakini kwa kweli hakuna aliyenidhulumu. Nguo zangu zilisema nina fedha, na mwenye mahindi akazisikiliza.

Kwa hiyo anayeuza na anayenunua hawavai sawa. Muuzaji wa mazao hatakiwi kuonekana mwenye dhiki. Mnunuzi naye hatakiwi kuonekana mgeni asiye na haraka na fedha zake. Ndugu msomaji, ukiwa na safari ya sokoni wiki hii, jiulize kwanza ni upande gani wa mizani unaosimama.

Mama lishe na mwenye bucha

Katika biashara ya chakula nguo ni sehemu ya bidhaa yenyewe. Mteja hawezi kuingia jikoni kuona sufuria imeoshwaje, wala hajui nyama imelala wapi. Anachokiona ni mikono, kucha, kichwa na aproni ya anayemhudumia, na kwa hivyo anakisia yale asiyoyaona.

Koti jeupe la mwenye bucha lilichaguliwa kuwa jeupe kwa sababu halifichi uchafu. Wapo wanaolikwepa kwa sababu hiyohiyo, wakavaa la bluu iliyokolea ili damu ya jana isionekane. Wanajidanganya. Mteja akiona rangi inayoficha anaanza kujiuliza kinachofichwa, na nzi watamwambia jibu.

Bwana afya akipita, yeye naye huanza na hayo hayo. Usalama wa chakula nchini ulikuwa chini ya TFDA hadi mwaka 2019, kisha ukahamishiwa TBS. Mamlaka hubadilika, lakini usafi wa anayeshika chakula haujawahi kuacha kuulizwa.

Suala la gharama hutajwa sana. Tuchukue mfano. Mama lishe akishonesha aproni mbili na vilemba viwili kwa Sh 24,000, na vikadumu mwaka mmoja, gharama yake ni Sh 2,000 kwa mwezi. Akifanya kazi siku 26, ni chini ya Sh 80 kwa siku. Sahani moja tu ya wali maharage kwa mteja ambaye angepita bila kusimama hurudisha fedha hiyo na kubakiza. Zinatakiwa mbili kwa sababu moja inafuliwa wakati nyingine iko kazini. Mwenye aproni moja ana aproni chafu kuanzia Jumatano.

Jambo moja fundi hatakwambia usipomuuliza ni hili: anayepika kwa mkaa au kuni ashonewe pamba. Vitambaa vya nailoni na polyester hunywea na kuyeyuka vikipata moto, na vikiyeyuka hunata kwenye ngozi. Vinapendeza dukani na havihitaji pasi, lakini mbele ya jiko si mahali pake.

Shambani nguo ni soko na ni uhai

Hapa ndipo penye uzito mkubwa zaidi. Asubuhi nyingi utamkuta mkulima anapuliza dawa kwenye nyanya au kabichi akiwa kifua wazi, au na fulana iliyotoboka, miguu peku, bomba mgongoni likivuja polepole hadi kiunoni. Ukimuuliza, atasema ovaroli inatia joto. Ni kweli inatia joto. Lakini viuatilifu vingi hupenya ngozi, na kitambaa kilicholowa dawa huishikilia mwilini kwa saa nyingi.

Wenzetu wengi hujifunga kanga au shuka puani, kazi ikiisha wanaining'iniza mlangoni. Jioni kanga hiyohiyo inambeba mtoto mgongoni. Hakuna anayekusudia kumlisha mwanawe sumu, lakini ndivyo inavyokuwa.

Chupa ya dawa yenyewe husema kinachotakiwa, hata kwa asiyejua kusoma. Chini ya lebo kuna utepe wa rangi: nyekundu kwa dawa zenye sumu kali zaidi, kisha njano, bluu na kijani. Juu ya utepe huo huwekwa picha ndogo za glovu, buti, miwani au kifuniko cha pua, kulingana na dawa. Picha ya glovu ina maana ya glovu za mpira zisizopitisha maji. Za kitambaa hunyonya dawa na kukuwekea mkononi.

Kuna kosa dogo ambalo hata wenye vifaa hulifanya. Huchomeka suruali ndani ya buti za mpira kwa sababu inaonekana nadhifu. Dawa inayochuruzika kutoka gotini huingia moja kwa moja ndani ya buti na kukaa na mguu siku nzima. Suruali ishukie nje ya buti. Ukimaliza, nguo hizo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za nyumbani, na anayefua naye avae glovu.

Sasa tuje kwenye fedha. Wakulima wa maharage machanga na mboga za kusafirisha nje, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro na kwa majirani zetu wa Kenya, wanaujua utaratibu wa GLOBALG.A.P. Ulianzishwa na wenye maduka makubwa ya Ulaya mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP, ukachukua jina la sasa mwaka 2007. Mkaguzi wake anapofika shambani hatazami mmea peke yake. Huuliza mpulizaji anavaa nini, nguo hizo ziko wapi na zinatunzwaje. Akizikuta zimetundikwa ndani ya stoo ya dawa, hilo ni kosa, kwa kuwa nguo za kinga hazitakiwi kukaa chumba kimoja na sumu.

Mkulima aliyezoea kuuza kwa dalali wa barabarani huona huu ni usumbufu wa wazungu. Lakini wapo waliojitahidi msimu mzima kwa mbolea na maji, wakaja kusumbuka kwa ajili ya ovaroli. Buti, glovu na ovaroli ziingizwe kwenye hesabu za msimu pamoja na mbegu, zisingoje fedha itakayobaki, maana haibaki.

Mabwana na mabibi shamba nao wanaguswa. Ofisa ugani anayefika na viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi atafundisha akiwa amesimama barabarani, akionyesha kwa kidole. Wakulima wataitikia kwa heshima, kisha watafanya walivyozoea. Mwenzake aliyekuja na buti akaingia tuta kwa tuta hukaribishwa hadi uji, na msimu unaofuata huitwa kabla ya kupanda. Ofisi ikitaka kujua ni yupi kati yao anayefanya kazi, iangalie matope yaliyoko kwenye pikipiki yake.

Siku ya kwenda benki

Jirani yangu mmoja alikwenda kuomba mkopo wa kununua mashine ya kukamulia alizeti. Aliazima suti kwa mwalimu, ambaye ana mwili kumzidi. Mikono ya koti ilimfikia kwenye vidole, na muda wote wa mazungumzo alikuwa akiipandisha. Ofisa mikopo alimuuliza alivuna magunia mangapi msimu uliopita, jambo analolijua kama jina lake, akababaika. Alitoka bila kitu.

Mara ya pili alivaa shati lake mwenyewe lililopigwa pasi, suruali yake na viatu alivyovizoea, mkononi akiwa na daftari la mauzo la miaka miwili. Hakupewa alichoomba, alipewa nusu yake. Mimi sisemi shati ndilo lililompa mkopo, daftari ndilo lililozungumza zaidi. Lakini mtu aliyevaa nguo za mwingine hutumia nusu ya akili yake kuzichunga, na akili hiyo ndiyo aliyoihitaji kwenye meza ile.

Tena heshima ya nguo hubadilika na mahali. Suti ya Kaunda, ile isiyo na tai, ilivaliwa sana na viongozi wa Afrika baada ya uhuru na ikaonekana vazi la kazi hasa. Rais William Ruto wa Kenya aliirudisha kwenye mitindo, mafundi cherehani wakapata kazi. Kisha Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akaipiga marufuku ndani ya Bunge la nchi hiyo. Vazi la rais likawa halifai kwa mbunge. Mkulima asiumize kichwa kutafuta vazi moja la heshima litakalofaa kila mlango. Awe na jozi moja safi inayomkaa, aitunze kwa ajili ya safari za ofisini na sokoni.

Limebaki jambo la fulana za bure. Kila Agosti, kwenye viwanja vya Nanenane, kampuni za mbegu, mbolea na simu hugawa fulana na kofia, na wakulima huzivaa mwaka mzima hadi zipauke. Si vibaya kupokea nguo. Ila huyo aliyevaa jina la mbegu ya mtu mgongoni ndiye anayeuza asali yake kwenye chupa isiyo na jina, na mteja aliyeipenda akirudi hajui amuulizie nani. Fundi wa mtaani anaweza kudarizi au kuchapisha jina la biashara na namba ya simu kwenye aproni au kofia kwa gharama ndogo. Mpelekee kitambaa kilichofuliwa, umwandikie namba kwenye karatasi, na umsomee tarakimu moja moja kabla hajaanza kushona.