Kikombe Kisichoonja Chai

Kitendawili!

Tega!

Nina kikombe kidogo, kimekaa jirani na moto miaka mia, na hakijaonja chai hata siku moja.

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mombasa? Sitaki. Tabora? Nimeshapewa sana. Leo nipeni Cincinnati, kule Marekani. Haya, nimekwenda Cincinnati, nikala, nikanywa, nikapita kiwanda cha Lunkenheimer, waliokuwa mafundi wa koki na vikombe vya shaba ya manjano, ile inayochanganywa na zinki. Jibu nimelikuta hapo: kikombe cha kunyweshea injini!

Injini za zamani za mashambani hazikuwa na stata wala betri ya kuzizungusha. Mkulima alishika gurudumu zito la pembeni, akalizungusha kwa mikono. Sasa sikilizeni: petroli ikiwa majimaji haiwaki vizuri, kinachowaka ni mvuke wake. Asubuhi ya baridi mvuke ni haba, na mkono wa mtu ni wa polepole, hauwezi kuivuta petroli ya kutosha. Ndipo kikombe kikaja na kazi yake. Kimefungwa kwenye silinda. Mkulima anamimina petroli, kiasi cha kifuniko cha soda, anafungua koki iliyo chini ya kikombe, petroli inateremka ndani, kisha anafunga. Akizungusha, puu! imewaka. Na asiyefunga? Moto unarudi juu kupitia tundu lile lile. Nyusi zake aziage.

Mkiona kipande cha shaba kwenye chuma chakavu, msikimbilie kusema ni hicho, maana kina ndugu wanaofanana. Cha grisi nacho ni kikombe, ila kina kofia ya kuzungusha. Ukiikaza, inasukuma grisi kwenye beringi. Cha oili kina tungi la kioo, na chini yake kidirisha cha kuhesabia matone. Kuna pia koki tupu, haina kikombe: trekta la John Deere Model D, lililoanza kutengenezwa 1923, lilikuwa nazo za kupunguzia mgandamizo ili gurudumu lizunguke kwa wepesi. Mliokwenda kusaga mahindi mnaijua hila hiyo: fundi wa mashine huinua kijiti cha injini, akapiga hendeli, akakiachia.

Chetu kina mdomo wazi kama faneli, kijiti kifupi ubavuni, na nyuzi za kufungia chini. Mimina maji. Yakipita ukigeuza kijiti upande mmoja, yakakatika ukigeuza upande mwingine, umekipata. Kikigoma, usikibane kwa koleo. Shaba ni laini, itajikunja. Kipe oili, kiache kilale mpaka kesho.

Na kabla hujakisugua king'ae, tafuta maandishi ubavuni. Yakifutika, mji utanipa wewe.