Kurasa za Excel zaweza kuunganishwa kuwa waraka mmoja

Mhasibu anapohifadhi kitabu cha Excel chenye majedwali kadhaa kama ukurasa wa wavuti, programu hiyo huunda faili kuu pamoja na folda yenye ukurasa wa kila jedwali, kuanzia sheet001.htm. Akituma faili kuu peke yake, tarakimu hubaki nyuma.

Dawa yake ni makro ya Word. Hiyo hufungua waraka mpya, huingiza kurasa kwa mfuatano wa namba zake kwa amri ya InsertFile, kisha huuhifadhi.

Tahadhari: jina la mtindo, mathalani xl65, laweza kuwa na maana tofauti katika vitabu viwili. Vikichanganywa, hasara iliyoandikwa kwa rangi nyekundu yaweza kutokea nyeusi. Basi waraka ulinganishwe na vitabu vya asili kabla ya kusambazwa.