Kaktasi ndani ya nyumba yenye watoto: maji kidogo, kisahani kikavu

Kaktasi yangu ya kwanza niliiua kwa maji. Niliinunua kwa muuza maua kando ya Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam, ikiwa na ukubwa wa ngumi ya mtoto na maua ya waridi yaliyoizunguka utosini. Binti yangu wa miaka 4 akaipenda, akawa anaimwagilia kila asubuhi kwa kikombe chake cha plastiki. Wiki ya tatu ikalainika chini. Nilipoigusa ikalala upande, imeoza kama papai.

Nilirudi kulalamika, muuzaji akacheka. "Dada, hii siyo mchicha. Ukiisahau kidogo ndiyo inapendeza."

Alikuwa sahihi. Kaktasi hizi ndogo za mviringo, nyingi zikiwa za jamii ya Mammillaria, asili yake hasa ni Mexico. Huhifadhi maji mwilini, na mizizi yake ikikaa kwenye udongo uliolowa hukosa hewa na kuoza. Tumia chungu chenye tundu chini, na uchanganye udongo na mchanga mnene wa mto au changarawe ndogo, nusu kwa nusu. Mwagilia hadi maji yatokee chini, kisha usimwagilie tena mpaka udongo ukauke kabisa. Wakati wa joto huenda ikawa baada ya wiki moja au mbili. Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, mara moja kwa mwezi inatosha, na mapumziko hayo makavu huisaidia kutoa maua. Iweke dirishani panapoingia jua la asubuhi. Juu ya televisheni itarefuka na kupauka bila kuchanua.

Sasa tuje kwenye kisahani, ambacho wengi wetu hatukiangalii. Mbu aina ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue, hutaga mayai kwenye vyombo vya namna hiyo, na huuma mchana, wakati watoto wanacheza. Kwenye joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya siku 7 hadi 10. Dar es Salaam tuliona milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hunata ukingoni na huweza kukaa miezi kadhaa yakiwa makavu. Kisugue kwa brashi kila wiki.

Jambo la pili ni kujua ulichonunua. Mimea mingi ya miiba inayouzwa kwa jina la kaktasi ni Euphorbia, ndugu wa mnyaa ule wa uzio kijijini. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuleta maumivu makali na kudhuru uwezo wa kuona. Ili kuitofautisha, angalia miiba. Ya kaktasi huchomoza kwenye kijidoa chenye manyoya kama pamba, wakati ya Euphorbia hutoka moja kwa moja kwenye ngozi ya shina, mara nyingi miwili miwili. Kama ni Euphorbia, mimi singeiweka mahali mtoto anapofika.

Utomvu ukimwingia mtoto jichoni, msafishe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15 hadi 20, kisha mpeleke hospitali. Usimtie maziwa ya mama wala dawa ya macho iliyobaki kabatini. Mwiba wa kawaida uchomoe kwa kibano na uoshe kwa sabuni.

Kaktasi yangu ya pili sasa ina mwaka mmoja na nusu kwenye dirisha la jikoni, na Septemba ilitoa maua matano. Binti yangu nilimnyang'anya kikombe, nikampa kazi nyingine: kila Jumamosi anakagua kisahani na kuniita akikuta tone.